Pengo katika mtaa wa barza: kisa cha shule mpya katikati ya Lubumbashi

Shule ilihitaji madarasa. Nalisema hili kwanza kwa sababu katika mabishano yaliyofuata wapo waliolisahau. Tangu elimu ya msingi bila malipo ianze kutekelezwa nchini Kongo (Kinshasa) Septemba 2019, madarasa ya Lubumbashi yamefurika, na katika shule hii ya masista watoto wanne walikuwa wanabanana kwenye benchi la wawili. Shule ya msingi husoma asubuhi, sekondari huingia mchana katika vyumba vilevile. Kwa hiyo masista waliponunua parseli (kiwanja) ya jirani, ambayo nyumba yake ilikwisha kuanguka zamani, kila mzazi alifurahi. Wakachoresha jengo la madarasa kumi na sita, wakapeleka ombi la ruhusa ya kujenga.

Ombi lilikwama kwa sababu ya mahali. Parseli iko katika sehemu ya mji iliyopimwa tangu 1910, mji ulipokuwa unaitwa Élisabethville: barabara zilizonyooka, zikikatana kama mistari ya daftari la hesabu, na nyumba za matofali zinazofuatana kwa kimo kinachokaribiana. Ofisi ya ujenzi wa mji ilisita, komite ya wazazi ikagawanyika, na mimi pamoja na wenzangu wawili wa kazi ya usanifu tukaombwa kuisoma plani na kuandika maoni. Maoni, si amri. Anayetoa ruhusa ni serikali.

Sheria haikutusaidia sana. Nchi yetu ina sheria ya kulinda mali za utamaduni, ile ya tarehe 15 Machi 1971, na ina nguvu kwa jengo lililoorodheshwa: haliguswi bila kibali. Lakini jengo la zamani la shule hii halikuorodheshwa, wala nyumba za jirani, wala mtaa wenyewe. Kilichobaki ni kuwashawishi watu kwa hoja.

Mtaa wenyewe uko hivi. Upande wa kushoto wa parseli ni jengo la zamani la masista: chini na ghorofa moja, matofali mekundu, paa la mabati yenye mteremko, na barza ndefu, yaani veranda yenye paa, inayotazama barabara. Upande wa kulia ni nyumba ya mfanyabiashara wa zamani, sasa ni ofisi, nayo ina barza. Ng'ambo ya barabara kuna jengo la miaka ya 1950, la zege, lenye vizuia-jua vilivyosimama mbele ya madirisha. Majengo haya hayafanani kwa mapambo. Yanafanana kwa mambo mengine: yote yamerudi nyuma kama mita tano kutoka ukingo wa barabara, yote mwisho wa kuta zake uko karibu na mita nane, na yote yana kivuli kati ya mtu na ukuta. Miti ya jakaranda inajaza nafasi iliyobaki, na Septemba na Oktoba barabara nzima hugeuka zambarau.

Plani ya kwanza ilikuwa na ngazi nne, chini na ghorofa tatu, mita kumi na nne na nusu kutoka ardhini. Jengo lilisogea hadi ukingoni kabisa. Uso wake ulikuwa wa kioo cha buluu na vibao vya alumini, namna tunayoiona siku hizi kwenye benki na maduka makubwa. Paa lilikuwa bapa, limefichwa nyuma ya ukuta mfupi. Ngazi ya kupandia ilikuwa moja tu, katikati. Jakaranda mbili zilitiwa alama ya kukatwa.

Mzee mmoja wa komite, ambaye alisoma hapo utotoni, alikasirika sana akaleta mchoro wake mwenyewe, uliochorwa na kijana wa familia. Huo ulinakili jengo la masista kila kitu: matao ya mviringo, nguzo, urembo wa juu ya madirisha, vyote vya kumwagwa kwa saruji kwenye kalibu. Alisema mtu akipita asijue lipi ni la zamani na lipi ni jipya.

Niliuheshimu uchungu wake. Ila mchoro wake sikuukubali, na sababu ni mtaa uleule alioupenda. Lubumbashi ya kale haikujengwa siku moja wala kwa mkono mmoja. Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo ni la mwanzo wa miaka ya 1920. Ukumbi wa maigizo aliouchora Claude Strebelle, ambao leo tunauita Jengo la 30 Juni, ni wa miaka ya 1950 na haujanakili hata tao moja la kanisa. Hakuna anayesema ukumbi ule umeuharibu mji. Kila kizazi kilijenga kwa ujuzi wake. Kinachoufanya mtaa uwe mtaa ni adabu ya jengo kwa jirani yake: limesimama wapi, limepanda hadi wapi, linampa kivuli nani. Tao la saruji lililobandikwa kwenye ukuta wa mita kumi na nne halina adabu hiyo, hata likichongwa vizuri. Na la pili, ambalo ni la ukweli tu: kumdanganya mwanafunzi wa 2060 kwamba ukuta wa leo ni wa 1925 ni kumnyima historia yake.

Tulipofika kwenye mkutano wa wazazi, hoja ya nguvu haikutoka kwa sisi wasanifu. Ilitoka kwa baba mmoja wa mtaa wa Katuba, fundi wa umeme, ambaye watoto wake watatu wanasoma hapo. Alisimama akasema: "Papa prefe, masista, wazazi wenzangu, mniwie radhi. Mnataka tulinde nini? Baba yangu alifanya kazi mji huu mchana, na usiku hakuruhusiwa kubaki bila karatasi. Kuta hizi zilijengwa ili sisi tukae mbali. Mimi nataka darasa la mtoto wangu."

Chumba kilinyamaza, na kilikuwa na haki ya kunyamaza. Alichosema ni kweli tupu. Mji wa Wazungu ulitengwa na mji wa Waafrika kwa eneo tupu lililoitwa zone neutre, pana mamia ya mita, na Kamalondo, mtaa wa Waafrika, ilikuwa ng'ambo yake. Mtu anayezungumza juu ya urithi wa mji wa kale wa Lubumbashi bila kulitaja hilo anazungumza nusu. Lakini hoja yake ilinifanya nirudi kwenye plani nikatazame nyuma ya parseli, mahali ambapo hatukuwa tumetazama vya kutosha. Kule nyuma plani ilionyesha mistari ya vidoti na maneno mawili: "vibanda, kubomolewa".

Havikuwa vibanda. Vilikuwa vyumba sita vya matofali, mfululizo mmoja, kila kimoja na mlango wake na kidirisha kidogo cha juu, vikitazama ukuta wa jikoni ya nyumba iliyoanguka. Wenyeji wa Lubumbashi wa umri wangu wanavijua bila kuambiwa: ni vyumba vya maboi, alipolala mpishi, mfua nguo, mlinzi. Matofali yake ni ya udongo wa kichuguu, uliofinyangwa na kuchomwa hapahapa Katanga na mikono ya watu wetu, sawa na ya nyumba kubwa ya mbele. Tofauti ni unene wa ukuta na kimo cha dari. Nyumba kubwa imekwisha. Vyumba vya nyuma vimesimama.

Hapo ndipo maoni yetu yalipobadilika. Tulikuwa tunagombana juu ya uso wa barabara, uso ambao mwenye nyumba aliujenga ili aonekane, huku ushahidi pekee wa maisha ya wafanyakazi katika parseli nzima ukienda kubomolewa bila mtu hata mmoja kuuliza, pamoja na yule mzee mpenda matao. Tulimwomba yule baba wa Katuba aje avione. Alikuja na mama yake. Mama alisimama kwenye mlango wa chumba cha tatu, akapima kwa mikono yake upana wa ukuta hadi ukuta, akasema kaka yake mkubwa aliishi katika chumba cha namna hiyo, mtaa mwingine, na mke na mtoto, kwa siri. Baada ya hapo yule baba hakubadili neno lake juu ya madarasa, wala sisi hatukumtaka alibadili. Aliongeza tu sharti: vyumba hivyo visibomolewe vyote.

Sasa nije kwenye jua, kwa maana hapa plani ya kwanza ilikuwa na hatari kwa watoto wenyewe, achilia mbali mtaa.

Lubumbashi iko kwenye nyuzi kumi na moja na dakika arobaini hivi kusini mwa ikweta. Juni, saa sita mchana, jua liko kaskazini yetu, limesimama kwa nyuzi kama 55. Desemba limevuka kidogo kusini, kwa nyuzi kama 78, karibu na utosi. Maana yake kwa fundi ni hii: ukuta unaotazama kaskazini ukipewa barza ya mita mbili, kivuli cha mchana wa Juni kinashuka karibu mita mbili na sentimita themanini, yaani ukuta wote wa darasa. Ukuta unaotazama kusini unatosheka na mchirizi wa sentimita sitini. Ni hesabu ndogo, na waliojenga majengo ya zamani waliijua vizuri. Upande wa magharibi ndio mgumu, kwa sababu jua la saa kumi alasiri linaingia chini ya barza yoyote.

Uso wa kioo wa plani ya kwanza ulitazama magharibi. Nyuma yake kulikuwa na madarasa manane, ambayo wanafunzi wa sekondari wangeyatumia mchana. Msanifu wake alitegemea viyoyozi. Kila mtu anayeishi hapa anajua umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unavyokatika, na shule inayolipa walimu kwa taabu haiwezi kununua mafuta ya jenereta ili kupoza kioo. Niliandika katika maoni yetu, na ninasimama kwenye maneno hayo, kwamba vyumba vile vingekuwa tanuri Oktoba, mwezi wa joto kali kabla ya mvua kukaa sawasawa.

Paa bapa nalo lilikuwa na lake. Mvua zetu, kuanzia Novemba hadi Machi, hunyesha kwa nguvu, na jakaranda huangusha majani madogomadogo yasiyohesabika. Mifereji ya paa lililofichwa nyuma ya ukuta huziba, maji hutuama, zege hunyonya. Paa la mteremko ndilo linalofaa, ila tulisisitiza dari ya kweli chini yake. Aliyewahi kufundisha chini ya manjanja (mabati) matupu mvua ikinyesha anajua kwamba somo hufa papo hapo.

Juu ya ngazi moja ya kupandia sikutaka majadiliano. Madarasa kumi na sita, watoto hamsini na zaidi kila moja: hao ni zaidi ya mia nane kwenye njia moja ikitokea moshi au kelele ya hofu. Tulitaka ngazi mbili za kupandia, kila moja kwenye mwisho wake wa jengo, na milango inayofunguka kwa nje. Sista wa fedha aliuliza gharama, tukamwonyesha, akatikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza.

Pendekezo letu, baada ya kuchora na kufuta, lilikuwa jengo lenye umbo la herufi L. Mkono wa mbele ungefuata barabara, chini na ghorofa moja, ukirudi nyuma mita tano kama majirani, madarasa matatu kila ngazi. Mkono wa nyuma ungeingia ndani ya parseli, chini na ghorofa mbili, madarasa matatu kila ngazi, ukitazama kaskazini na kusini, yaani mahali ambapo jua linatawalika. Ghorofa ya pili iko nyuma kiasi kwamba mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara haioni ikizidi paa la mbele. Barza inaunganisha mikono yote miwili. Upande wa magharibi barza ni ya mita mbili na nusu, na sehemu yake ya juu imezibwa kwa matofali ya matundu, hewa ipite na jua la jioni livunjike. Matofali mekundu, bila tao, bila nguzo ya urembo. Jengo la leo.

Hesabu ikatoka kumi na tano. Tulikuwa tumepoteza darasa moja, na kwa shule ile darasa moja ni watoto hamsini barabarani. Papa prefe, mkuu wa shule, aliliweka wazi: "Ninyi mnapenda mtaa, mimi nitawaambia nini wazazi wa hao hamsini?" Swali la haki. Jibu lilitoka kwa sista mwenye kutunza bohari. Vitabu, madawati mabovu na vifaa vya mchezo vilikuwa vinashika chumba kizima cha jengo la zamani. Vyumba vitatu kati ya sita vya nyuma, vikitengenezwa paa na sakafu, vinaweza kubeba vyote. Bohari likahamia kule, chumba chake kikarudi kuwa darasa. Vyumba vingine vitatu vilibomolewa kwa sababu mkono wa nyuma usingeweza kupita bila hivyo; vilipimwa na kupigwa picha kwanza, na matofali yake mazima yakawekwa kando kwa kutengenezea vile vilivyobaki. Ningependa sita vyote vibaki. Sikuona njia ya kuvibakiza bila kukata madarasa, na sikuwa tayari kuipendekeza.

Jambo moja la kifundi liliwachukua wasanifu muda mrefu kuliko wazazi walivyodhani: msingi. Jengo la zamani la masista lina msingi wa kina kifupi, na tope lililounganisha matofali yake ni la chokaa, laini kuliko saruji. Ukichimba mtaro mrefu kando yake mvua ikaja, ukuta wa miaka mingi unaweza kukaa chini na kupasuka. Tuliandika kwamba mtaro usikaribie ukuta huo kwa chini ya mita moja na nusu, uchimbwe kwa vipande vifupi na kujazwa kipande kwa kipande, na kazi hiyo iishe wakati wa kiangazi, kabla ya Oktoba. Pia nyufa za ukuta wa zamani zisizibwe kwa saruji ngumu. Ukuta wa chokaa unahitaji kupumua. Ukiuvika saruji, unyevu unabaki ndani na tofali linaoza taratibu. Nimeona majengo mengi ya mji huu yakiuawa kwa matengenezo ya nia njema.

Jakaranda moja ilipona, ile ya ukingoni, kwa kuwa jengo limerudi nyuma. Ya pili ilikuwa na shina bovu, ikakatwa.

Plani mpya ilipata ruhusa. Mzee wa matao hakuridhika. Alisema mkono wa mbele ni mtupu mno, na yuko huru kusema hivyo. Yule baba wa Katuba aliomba kazi ya nyaya za vyumba vya nyuma na akapewa, kwa bei ambayo sista wa fedha aliisifu mbele ya mkutano.

Kilichobaki bila kukubaliana ni ukuta wa uzio. Mtaa ule ulikuwa wa kuta fupi, na majirani wawili bado wanazo. Shule ilitaka ukuta wa mita tatu, zege tupu, vioo juu, kwa sababu ya wezi na kwa sababu mama mmoja alipotelewa na mtoto mlangoni kwa saa nzima. Sisi tuliomba msingi wa matofali wa mita moja, na juu yake chuma cha wavu hadi mita mbili na nusu, ili mlinzi aone nje na barza ionekane. Masista waliogopa kwamba watoto wataonekana kutoka barabarani, na hofu hiyo si ya kudharauliwa katika mji wetu. Niliwaambia ukuta usiopenyeka humficha mwizi vilevile akishaingia. Hawakushawishika. Katika ruhusa ya jengo, mstari wa uzio umeachwa wazi, na ombi lake litapelekwa peke yake. Kwa sasa kuna mabati ya muda, na mlango wa watoto umehamishwa upande wa barabara ndogo, ambako wazazi wanaweza kusimama bila kuziba magari.